Rangi ikibambuka, anza na maji yaliyomo ukutani

Na Mwandishi Wetu, Kishapu

MWENYE nyumba wa Mhunze au Maganzo anayepaka rangi sebule yake Desemba, ili ipendeze kwa Krismasi, huweza kuiona ikibambuka kabla ya Pasaka. Lawama humwangukia fundi, au duka lililouza kopo. Mara nyingi mkosaji ni maji yaliyokuwamo ukutani siku ile ile brashi ilipopita.

Sehemu kubwa ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ni ardhi ya mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo unaifaa pamba, lakini kwa nyumba ni jirani msumbufu: huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na msingi ukicheza, lipu hupata nyufa. Tena hushika maji kwa muda mrefu. Pale ambapo hakukuwekwa karatasi ya nailoni baina ya msingi na ukuta, maji hayo hupanda ndani ya tofali kama mafuta yapandavyo utambi wa koroboi. Yakikauka huacha chumvi nyeupe, ambayo mafundi huiita magadi, nayo huisukuma rangi itoke.

Njia ya kupima ni rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, kisha kiache siku mbili. Matone yakionekana upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani na kupaka rangi ni kupoteza fedha. Kwanza rekebisha paa linalovuja, ziba nyufa za nje na elekeza maji ya mvua mbali na msingi.

Ukuta ukishakauka, kwangua rangi yote iliyolegea hadi ufike inaposhika imara. Magadi yafagiliwe kwa brashi kavu. Ukiyaosha kwa maji, chumvi huyeyuka na kurudi ndani. Lipu inayotoa mlio wa uwazi ikigongwa ibomolewe, na lipu mpya ipewe takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi. Ukuta uliowahi kupakwa niru nao una hila yake: niru ni unga, na rangi ya maji iliyopakwa juu yake hushika unga, si ukuta. Isuguliwe yote.

Kwa nyumba za zamani ipo hatari nyingine. Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huathirika zaidi, hasa ubongo. Rangi ya namna hiyo isipigwe msasa ikiwa kavu. Ilowanishwe kidogo kidogo, nailoni itandazwe sakafuni, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa. Ukuta uachwe ukauke tena.

Miezi ya Juni hadi Septemba, ambayo ni ya ukavu, ndiyo ifaayo kwa kazi hii.

Limebaki suala la rangi ya mafuta, ambayo wengi hupaka sehemu ya chini ya ukuta ili uchafu usionekane. Kwenye ukuta mkavu haina ubaya. Kwenye ukuta unaopandisha maji huyafungia ndani, na hapo niru, pamoja na unyonge wake, hudumu vizuri zaidi kwa sababu huuacha ukuta upumue.