Je, wajua kwa nini chipu ya kumbukumbu hupoteza ilichoandikiwa?

Mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji ya chumvi. Kwa hiyo kipima joto kinachofungwa kwenye matumbawe ya kisiwa cha Kudha, au popote kwenye visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, hakiwezi kutuma habari kikiwa chini. Kila kipimo hukaa ndani yake hadi mzamiaji akitoe kifaa majini. Na vipimo hivyo vina thamani: mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka na kufa, nayo ndiyo makazi na malisho ya samaki.

Vifaa vya kununua vipo. HOBO Water Temp Pro v2 ya kampuni ya Onset, Marekani, ina kilobaiti 64 zinazobeba vipimo 42,000 hivi. Ikipima kila saa, ni zaidi ya miaka minne. Anayejiundia chake kwa bodi ya Arduino Uno hukuta maikrokontrola yake, ATmega328P, ina baiti 1,024 tu za kuhifadhi data umeme ukizimwa. Hapo ndipo chipu ya nje inapohitajika. 24LC256 hubeba baiti 32,768. W25Q64, ya aina ya flash iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba na kutangazwa mwaka 1984, hubeba megabaiti 8.

Kati ya programu yako na chipu kuna maktaba ya programu, inayogeuza "hifadhi hiki" kuwa amri za umeme. Data ikipotea, fundi hulaumu chipu. Mara nyingi chipu ni nzima, ila kuna sharti lake lililovunjwa.

Sharti la kwanza ni ukurasa. 24LC256 huandikwa kwa kurasa za baiti 64. Ukipitiliza mwisho wa ukurasa, maandishi hayaendi ukurasa unaofuata: hurudi mwanzo wa ukurasa uleule na kufuta yaliyokuwapo. Tena, maktaba ya Wire kwenye Uno hupokea baiti 32 kwa mkupuo, mbili kati yazo zikiwa anwani. Ukituma data zaidi ya baiti 30, zinazozidi huachwa. Na baada ya kila mkupuo, ipe chipu hadi milisekunde 5 imalize kuandika.

W25Q64 ina sharti jingine. Kuandika hugeuza biti ya 1 kuwa 0 tu. Kuirudisha 1 ni lazima ufute sekta nzima ya baiti 4,096. Ukiandika juu ya data ya zamani bila kufuta, utasoma mchanganyiko usioeleweka. Amri ya ruhusa, 06, nayo hutangulia kila uandishi na kila ufutaji. Sekta huvumilia kufutwa mara 100,000 hivi: programu inayofuta sekta moja kila dakika huimaliza kwa siku 70. Maktaba nzuri huhamisha uandishi kutoka sekta hadi sekta.

Umeme nao una mipaka. W25Q64 hutumia volti 2.7 hadi 3.6, ilhali pini za Uno hutoa 5. Ukiziunganisha moja kwa moja unaweza kuiua.

Utafutaji wa kosa uanze chini, kwenye chipu, kisha upande juu hadi kwenye programu. Iulize chipu utambulisho wake: W25Q64 kwa kawaida hujibu EF 40 17. Ukipata FF tupu au sufuri tupu, kagua waya, lehemu na umeme kabla ya kugusa programu. Ikijibu sawasawa, andika baiti moja uisome, kisha ukurasa mzima, kisha vuka mpaka wa ukurasa. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

Kabla ya kukifunga kifaa na kukishusha baharini, kata umeme, uwashe tena, usome vipimo vyote ulivyoandika. Data isiyosomeka juu ya meza haitasomeka baada ya mwaka mzima chini ya maji, na joto la mwaka huo halipimwi tena.