Sarafu ya Kilwa si mzigo wa kuposti

Wauzaji wa Mnyambe, Newala na Masasi, hii inawahusu. Ukiletewa kisarafu cha shaba au vigae "vya Kilwa", usikimbilie kupiga picha na kuweka bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazuia kuviuza bila kibali.

Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, wakakuta vigae vya mabakuli ya China na sarafu zenye jina la sultani upande mmoja, sifa ya Mungu upande wa pili, tena kwa vina (chapa hiyo, jamani!). Moja ilikutwa hadi Great Zimbabwe. Nyingine ziliokotwa Australia, 1944. Tunajua zilikofika kwa sababu panajulikana zilipookotwa. Kwa hiyo ukiiona shambani, iache hapohapo, kamwone afisa utamaduni wa halmashauri.