Floridi: Jirani yako amekwambia nusu tu

JE, wewe ni mmoja wa wazazi waliowanyima watoto wao dawa ya meno yenye floridi kwa kuogopa meno ya kahawia kama ya watu wa Nakuru na Naivasha? Jirani alikwambia floridi huharibu meno, nawe ukamwambia mtoto apige mswaki kwa chumvi. Usimlaumu jirani. Nusu ya habari yake ni kweli, na ndiyo sababu inaaminika upesi.

Mwaka wa 1901 daktari wa meno, Frederick McKay, alifungua kliniki mjini Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana mabaka ya kahawia menoni. Kilichomshangaza ni kwamba meno hayo hayakuoza ovyo. Ilichukua hadi 1931 kabla ya wanakemia kugundua chanzo chake: floridi nyingi katika maji ya kunywa.

Basi swali likawa: kiasi kidogo chaweza kulinda meno bila kuyatia mabaka? Watu hawakukaa kubishana. Mwaka wa 1945 maji ya mji wa Grand Rapids yalitiwa floridi kwa kipimo, huku ya mji jirani wa Muskegon yakiachwa yalivyo. Baada ya miaka 11, kuoza kwa meno kwa watoto waliozaliwa Grand Rapids baada ya mpango kuanza kulikuwa kumepungua kwa zaidi ya asilimia 60.

Na dawa ya meno je? Mwaka wa 2003 watafiti wa Cochrane walijumlisha majaribio yapatayo 70 yaliyohusu watoto zaidi ya 42,000. Waliotumia dawa yenye floridi walipungukiwa na uozo kwa asilimia 24 hivi, wakilinganishwa na waliopewa dawa isiyo nayo. Huo ndio ushahidi wa kuuliza kabla ya kufungua kibeti.

Mabaka ya Bonde la Ufa ni hasa kazi ya maji, yanayomezwa kila siku wakati meno yangali yakiundwa chini ya ufizi, hadi kama umri wa miaka minane. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi huko, na hata baadhi ya vile vya Nairobi, hupita kiasi hicho. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua sufuriani, floridi hubaki. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiyachuja kwa mkaa wa mifupa.

Kwa hivyo, ikiwa ploti yenu hunywa maji ya kisima, yapelekeni yakapimwe. Dawa ya meno usiitupe. Tafuta kwenye pakiti nambari iliyo kando ya herufi ppm. Iwe 1,000 au zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mtilie kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita punje ya njegere. Mtilie wewe mwenyewe, kwani watoto hupenda kuilamba. Ateme, asimeze, wala asisukutue kwa maji mengi.

Na ikiwa meno yamekwisha kuwa ya kahawia, usiyasugue kwa mkaa au mchanga. Rangi imo ndani ya jino, utalikwaruza bure. Daktari wa meno ana njia za kuyafunika, ila muulize bei kabla hujaketi kitini.