Kingamwili Isiyokinga: Istilahi ya Maabara na Ndigana Kali ya Meru

Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno moja tu, nalo ni kingamwili. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya afya na katika maabara zetu. Limeundwa kwa njia nyepesi ya kuambatanisha, kinga na mwili, na kila msemaji huipata maana yake bila ya kufungua kamusi. Wepesi huo ndio unaotutia mashaka, kwa kuwa maana anayoipata msemaji siyo daima ile aliyoikusudia mtaalamu.

Kitu chenyewe ni protini yenye umbo mfano wa panda ya manati. Ncha za matawi yake mawili huingiana na sehemu mahususi ya kitu fulani, kama ufunguo uingianavyo na kufuli lake. Mwili huitengeneza baada ya kuingiliwa na kitu kigeni. Kazi yake ya kwanza ni kutambua na kushika. Baada ya kushika, pengine adui huangamia, pengine hadhuriki hata kidogo.

Tuchukue mfano wa nchi ya Meru. Katika miteremko ya mlima, kuanzia Tengeru kwenda juu, wakulima hufuga ng'ombe wa maziwa zizini na kuwalisha majani na migomba. Huko chini, kwenye mbuga za Monduli na Longido, yako makundi ya ng'ombe wa asili. Wote wanaijua ndigana kali. Wasemao Kimaasai huiita oltikana, na atakayeyatamka maneno hayo mawili kwa sauti atausikia udugu wake. Ugonjwa huo huenezwa na kupe wa masikio, na kimelea chake ni Theileria parva. Mitoki huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na ng'ombe wa kigeni asiyetibiwa aghalabu hufa.

Ajabu ya kimelea hiki ni kwamba hakiiui seli nyeupe ya damu kilimoingia, bali huifanya igawanyike bila kikomo, karibu na desturi ya saratani. Seli inapogawanyika, nyuzi hujipanga katikati yake na kuvuta kromosomu kwenda pande mbili. Vimelea vya jamii ya Theileria hujishikiza kwenye nyuzi hizo, navyo vikagawanywa pamoja na seli, hata kila seli changa ikazaliwa na fungu lake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ilionyeshwa kuwa vimelea hivyo hujikusanyia juu ya ngozi yao protini ya seli ya mwenyeji iitwayo Plk1, ambayo ni miongoni mwa wasimamizi wa kazi ya kugawanyika.

Je, protini ndogo namna hiyo huonekanaje? Hapo ndipo istilahi yetu inapoingia mtihanini. Mtafiti humdunga panya au sungura Plk1, au kipande chake, na mwili wa mnyama huyo hutengeneza protini za kuitambua. Tangu mwaka 1975, Köhler na Milstein walipobuni njia ya kuunganisha seli itengenezayo protini hizo na seli ya saratani, imewezekana kuzipata zote za namna moja kwa muda mrefu. Twapendekeza ziitwe za uzao mmoja. Protini hizo humiminwa juu ya seli zilizokwisha kuuawa kwa dawa na kutandazwa kwenye kioo. Hushika Plk1 mahali ilipo. Kisha huletwa protini ya pili, iliyotoka kwa mbuzi, yenye kutambua ile ya panya na iliyotiwa rangi ing'aayo. Hadubini huonyesha mng'ao huo.

Katika shughuli hiyo yote hakuna mwili unaokingwa. Kuiita kingamwili ni sawa na kuiita tochi silaha kwa sababu askari huibeba.

Tena liko tatizo la sarufi. Tukisema "kingamwili ya panya", je, imetoka kwa panya, au inatambua kitu cha panya? Kiunganishi -a hubeba maana zote mbili, na katika maabara kuzichanganya ni kuharibu kazi ya siku nzima. Wengine hukimbilia "dhidi ya", lakini neno hilo hurudisha vita mahali pasipo na vita. Sisi twaona afadhali urefu ulio wazi: itokayo kwa mbuzi, itambuayo ya panya.

Madhara makubwa zaidi yako nje ya maabara. Mfugaji akiambiwa kwamba damu ya ng'ombe wake imeonekana kuwa na kingamwili za ndigana, ana haki ya kufurahi, kwani neno lenyewe limemwambia kuwa mnyama amekingwa. Hali sivyo. Matokeo hayo huonyesha kwamba ng'ombe amepata kukutana na kimelea, au amechanjwa. Kinga ya ndigana kali hutegemea hasa seli T, ambazo huziua seli zilizoingiliwa. Protini za kutambua hazikifikii kimelea kilichojificha ndani. Mkasa huo huo umo katika upimaji wa virusi vya UKIMWI. Jina UKIMWI lataja upungufu wa kinga mwilini, ilhali kipimo cha kawaida kwa watu wazima hutafuta kingamwili, na kuonekana kwake ndiko dalili ya maambukizi. Mtu asikiaye "kinga imepungua" na "kingamwili zipo" kwa siku moja, ashike lipi?

Twapendekeza, basi, protini hiyo iitwe antibodi, neno la kutohoa ambalo halimwahidi mtu chochote, na neno kinga libakie kwa uwezo wa mwili kuushinda ugonjwa. Twajua wako watakaolalamika kwamba tunaacha neno la Kiswahili na kushika la kigeni. Lakini protini, virusi na kromosomu ni maneno ya kutohoa pia, na hatujasikia mfugaji wa Meru akipotoshwa nayo. Kingamwili haitafutika kwa siku moja, itakapobidi kuitumia mbele ya mwenye mifugo, mtaalamu aongeze maneno machache: "damu inaonyesha ng'ombe aliwahi kuingiliwa na kimelea au kuchanjwa, kama amekingwa, kipimo hiki hakisemi."