Milima ya Rwenzori: mlima mmoja, nchi mbili

Kama ulitoka Beni, Butembo au Mutwanga, huenda uliwahi kuiona theluji ya Rwenzori asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaifunika. Milima inayoonekana kutoka Kasese, hapa Uganda, ni hiyo hiyo, ila sasa unaitazama kutoka upande wa pili. Makala haya yanaeleza milima hiyo ikoje, wenyeji wanaichukuliaje, na mambo ya kujua kabla ya kwenda.

Mlima na mpaka

Kilele kirefu zaidi, Margherita, kina mita 5,109. Barani Afrika, ni Kilimanjaro na Mlima Kenya pekee inayokipita. Rwenzori si volkano; ni mwamba mkubwa uliosukumwa juu wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita huko huko juu. Mashariki kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa mwaka 1991. Magharibi kuna Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925.

Ukipanda, unaanza na msitu, kisha mianzi, halafu mabwawa ya matope na mimea ya lobelia inayomzidi mtu kimo. Mwisho ni mawe na barafu.

Imani za wenyeji

Bakonzo wa Uganda na Banande wa Kongo ni ndugu, na lugha zao zinakaribiana sana. Theluji huitwa nzururu, na kwa mila yao ndiko anakoishi Kitasamba, mwenye mlima. Kwa hiyo baadhi ya wazee wanaona kupungua kwa theluji kuwa ishara kwamba mizimu imekasirika.

Ni kweli kwamba theluji inapungua. Mwaka 1906 barafu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 haikufika hata kilomita moja ya mraba. Sababu kubwa ni mabadiliko ya tabianchi.

Je, mito itakauka?

Watu wengi wana hofu hiyo. Lakini barafu huchangia sehemu ndogo sana ya maji ya mito kama Mubuku. Maji mengi ni ya mvua, yanayohifadhiwa na msitu na mabwawa ya juu, kisha kushuka polepole. Msitu ukikatwa au kuchomwa, mvua hushuka kwa kasi na kubeba udongo na mawe. Wakazi wa Kasese wanajua hatari ya maji hayo: mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Ndiyo maana kukata miti na kuwasha moto ovyo ndani ya hifadhi ni marufuku.

Ukitaka kwenda

• Ingia kupitia lango rasmi, kwa mfano Nyakalengija, ukiwa na mwongozaji. Mzunguko mzima huchukua karibu wiki moja, lakini kuna matembezi ya siku moja kwenye miteremko ya chini. Uliza mapema ada utakayolipa.

• Beba nguo za baridi, koti la mvua na mabuti. Mvua hunyesha hata katika miezi ya kiangazi.

• Ukiwa juu ukaumwa kichwa, ukasikia kichefuchefu au kizunguzungu, mwambie mwongozaji mara moja. Usiendelee kupanda. Hali ikizidi, dawa ni kushuka.

• Beba kitambulisho chako cha mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakuruhusu kusafiri ndani ya Uganda, ila serikali inaweza kuweka masharti. Uliza Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) kwenye makazi yako kabla ya kuondoka.

• Usivuke mpaka kupitia mlimani, hata kama unazijua njia zake tangu utotoni. Unaweza kukamatwa, na makundi yenye silaha yamewahi kushambulia pande zote mbili. Zaidi ya hayo, kurudi katika nchi uliyoikimbia kunaweza kuleta maswali kuhusu hadhi yako ya ukimbizi.

Kama una jamaa upande wa pili na kuna msiba au ugonjwa, usiamue peke yako. Zungumza kwanza na OPM au wahudumu wa ulinzi na msaada wa kisheria, wakueleze njia iliyo salama kwako.