Usipake mafuta kwenye breki



Ofisini kwangu parokiani kuna neno ninalolisikia karibu kila wiki: msuguano. "Padre, kuna msuguano kwenye kwaya." "Padre, mimi na mwenzangu tuna misuguano." Na kila anayelitamka anataka niuombee uondoke. Leo, kabla hatujapiga magoti, tulitazame neno hili mahali linapofanya kazi yake mchana kweupe, yaani uwanja wa michezo.

Msuguano ni nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze kimoja juu ya kingine. Kwa kuwa unazuia, tunadhani ni adui wa mwendo. Sasa mtazame mkimbiaji. Mguu wake huisukuma ardhi kwenda nyuma, nayo ardhi, kwa njia ya msuguano, humsukuma yeye kwenda mbele. Uondoe msuguano uone: mguu utateleza na mkimbiaji ataanguka palepale alipoanzia. Ndiyo maana mnyanyua vyuma hupaka unga mweupe viganjani ili jasho lisimponyoke na chuma, na mchezaji wa mpira huvaa njumu ziing'ate nyasi pale ambapo msuguano peke yake hautoshi.

Septemba 2025 jiji la Kigali lilipokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara letu. Katika njia yao ulikuwemo mlima wa Kimihurura, uliotandikwa mawe. Kwenye mlima wa namna hiyo mwendeshaji hushawishika kusimama juu ya pedali. Lakini msuguano hutegemea jinsi vitu viwili vinavyokandamizana. Akisimama na kuegemea mbele kupita kiasi, uzito hupungua kwenye gurudumu la nyuma, tairi hukosa kushika, gurudumu huzunguka bure. Mjuzi hubaki amekaa, uzito wake ukilikandamiza gurudumu, akapanda taratibu.

Baiskeli hiyohiyo ina mnyororo na gololi, navyo bila mafuta havifiki mbali. Lakini ole wake atakayepaka mafuta kwenye breki! Ataujutia mteremko.

Mimi niliwahi kupaka. Nikiwa paroko kijana, nilikuwa na mzee mmoja katika Halmashauri ya Walei. Kila kikao alikuwa na swali moja: "Baba Paroko, risiti iko wapi?" Nilichoka naye. Uchaguzi ulipofika nikafanya hila za kimyakimya, hakurudi. Vikao vikawa laini, saa moja tumemaliza, tunasali, tunaagana. Tukajenga ukuta wa ukumbi. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza. Masika yalipoulaza ukuta ule, ndipo tulipojua kwamba saruji nyingi niliyoilipia haikuwahi kuufikia. Fedha zile zilikuwa za akina mama wa jumuiya ndogondogo, waliozipata kwa kuuza vitumbua.

Nilikwenda nyumbani kwa mzee yule kuomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na risiti, Baba, unazo?" Tukacheka, ingawa mimi nilikuwa karibu kulia. Kikao kilichofuata alikuwepo.

Hata mitume walisuguana. Matendo ya Mitume, sura ya 15, inatueleza jinsi Paulo na Barnaba walivyogombana vikali juu ya Marko hata wakatengana njia. Barnaba akaenda Kupro pamoja na Marko, Paulo akamchukua Sila. Lakini ukisoma Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, utamkuta Paulo akiwa kifungoni, akiomba aletewe Marko yuleyule, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Ugomvi wao haukufichwa, wala haukuwa neno la mwisho.

Usinielewe vibaya. Msuguano pia hula: tairi huisha, ngozi huchubuka. Ndiyo maana tunahitaji mafuta, na mafuta ya Mkristo ni yale tunayoyajua: "nisamehe", "pole", salamu ya asubuhi baada ya usiku wa maneno makali. Tena kipigo si msuguano. Dada unayepigwa nyumbani, usimruhusu mtu, hata akiwa padre, akuambie ubaki ukivumilia. Tafuta usalama, tafuta msaada.

Basi, ndugu yangu, usiku huu kabla ya kulala mkumbuke mtu mmoja anayekusugua. Jiulize mbele ya Mungu: je, hapa tunakwaruzana kwa ukavu wa mioyo yetu, kama mnyororo uliokosa mafuta? Kama ndivyo, kesho uwe wa kwanza kumwendea. Au huyu ni breki yangu: mke anayehoji mkopo ninaotaka kuuchukua, kijana anayeuliza kwa nini sisali tena nyumbani, mzee anayetaka risiti? Kama ni breki, usimlainishe wala usimng'oe. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa maana mteremko uko mbele, nawe huuoni.

Nawatakia Dominika njema.