Kiti cha Wagiriki Katika Sebule za Copenhagen

Hakuna kiti cha klismosi hata kimoja kilichotufikia kutoka Ugiriki ya kale. Mbao zilioza zamani. Kilichobaki ni picha: vyungu vilivyochorwa, na mawe ya makaburini kama lile la Hegeso wa Athens, ambapo mwanamke ameketi kwenye kiti chenye miguu iliyopinda kuelekea nje na egemeo lililofuata mabega yake. Kwa ushahidi wa namna hiyo tu, mchoraji Nicolai Abildgaard wa Copenhagen alibuni klismosi ya nyumbani kwake karibu na mwaka 1800. Leo kiti hicho kimo Designmuseum Danmark, na seremala yeyote akikiona macho yataanzia miguuni.

Mguu wa klismosi umepinda kama jambia. Ukiukata kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mti hazifuati mpindo, zinakatikia njiani. Pale zilipobaki fupi, karibu na chini, ndipo mguu unapopasuka siku mtu mzito akijiegemeza. Fundi ana njia chache: atafute ubao wa mti uliokua umepinda wenyewe, aunenepeshe mguu, au apunguze mpindo. Ndiyo maana viti vingi vya Ulaya vilivyoiga Ugiriki vimepinda miguu ya nyuma tu, ya mbele imenyooka. Abildgaard aliipinda yote minne. Alikuwa amekaa Roma kwa miaka mitano, 1772 hadi 1777, na hakuwa mtu wa kuridhika na nusu.

Mtindo wenyewe wa kuiga mambo ya kale ulikuwa umeingia Denmark kabla yake, kwa fedha za mfalme na mabwana wakubwa. Uchimbaji wa Herculaneum ulioanza 1738 na wa Pompeii ulioanza 1748 ulikuwa umewasha hamu ya mambo ya kale Ulaya nzima. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilifunguliwa Copenhagen 1754, na mwaka uliofuata akaja msanifu Mfaransa Nicolas-Henri Jardin. Katika jumba la bwana mkubwa Moltke pale Amalienborg, Jardin alitengeneza chumba cha kulia chenye nguzo na mistari iliyonyooka, wakati Ufaransa yenyewe bado ilipenda rokoko na mikunjo yake ya makombe. Chumba hicho, cha mwishoni mwa miaka ya 1750, ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya mtindo huo Ulaya. Ni kizuri kweli. Ila chumba cha tajiri mmoja hakijawahi kubadilisha sebule za mji.

Kilichozibadilisha ni duka. Mwaka 1777 ilianzishwa taasisi iliyoitwa Ghala la Samani la Kifalme. Mafundi wa Copenhagen walipata hapo mbao nzuri na michoro ya kufuata, na kazi iliyokamilika iliuzwa hapohapo. Serikali ilitaka wenye fedha waache kuagiza samani ng'ambo. Kuanzia 1781 Ghala liliongozwa na Carsten Anker, na macho yakahama kutoka Paris kwenda London: mahogani isiyo na dhahabu nyingi, viti vyepesi, kabati zenye sura tulivu. Baadaye kijana msanifu Joseph Christian Lillie akawa mtoa michoro wake mkuu. Kwa maoni yangu, Lillie na Anker waliifanyia Denmark kazi kubwa kuliko wafalme wote wa karne ile, maana fundi wa kawaida aliweza sasa kumtengenezea mfanyabiashara wa kawaida kiti kilichopimwa vizuri.

Kazi ya Lillie inaonekana Liselund, kisiwani Møn, nyumba iliyojengwa miaka ya 1790 kwa ajili ya Antoine de la Calmette na mkewe. Kwa nje ni nyumba nyeupe ya paa la nyasi. Ndani, vyumba vidogo vimepangwa kwa adabu ya Kigiriki, na samani zimechorwa kuendana na kuta zake.

Mwaka 1794 kasri la Christiansborg liliungua, na familia ya mfalme ikahamia Amalienborg. Abildgaard akapewa kazi ya kupamba jumba la mwanamfalme Frederik, kuanzia kuta hadi samani.

Mahogani yote ya samani hizo ilitoka ng'ambo, sehemu kubwa Karibi. Denmark ilikuwa na visiwa vyake huko, St. Croix, St. Thomas na St. John, na miwa ya visiwa hivyo ililimwa na Waafrika waliotumikishwa. Wengi walipakiwa melini kwenye ngome za Wadenmark katika pwani ya Ghana ya leo, mojawapo ikiitwa Christiansborg kama kasri la mfalme. Amri ya kukomesha biashara ya watumwa ilitolewa 1792, ikaanza kutumika 1803. Utumwa wenyewe uliendelea visiwani hadi 1848. Faida ya sukari ilijenga majumba na kununua viti vya kuyajaza, jambo ambalo vitabu vya picha za samani huligusa kwa mstari mmoja, vikiligusa.

Kisha neema ikakatika. Waingereza waliupiga Copenhagen mizinga 1807 na kuchukua meli zake za kivita. Dola ikafilisika 1813, ikaipoteza Norwei 1814, na Ghala likafungwa 1815. Hapo ndipo, naamini, mtindo huu ulipokuwa wa Kidenmark kweli. Paris ya Napoleon ilipigilia shaba iliyopakwa dhahabu kwenye kila pembe ya kabati. Fundi wa Copenhagen hakuwa na mteja wa kulipia shaba hiyo, kwa hiyo alikata vipande vyembamba vya mbao nyeupe na kuvipachika ndani ya mahogani: shada, kinubi, nyota. Mahogani ilipokuwa ghali mno alitumia birchi au elmu. Sofa za wakati huo zina mikono mipana ya sanduku, na kwenye baadhi yake mkono hufunguka ukawa kabati. Nyumba ilikuwa ndogo, kila pembe ilibidi ifanye kazi.

Samani hizo zilikaa majumbani karne nzima. Zimo hata kwenye picha za mchoraji Vilhelm Hammershøi, aliyefariki 1916: vyumba vya kijivu, meza moja, kiti kimoja ukutani.

Mwaka 1914 mbunifu wa samani Kaare Klint, akifanya kazi na msanifu Carl Petersen, alibuni kiti cha makumbusho ya Faaborg, yaliyofadhiliwa na tajiri wa vyakula vya makopo. Kimetengenezwa kwa mwaloni na henzerani, egemeo lake linamzunguka mkaaji, na ni chepesi kiasi kwamba mgeni anaweza kukibeba na kukiweka mbele ya picha anayoitaka. Ukoo wake na klismosi hauhitaji kuelezwa. Klint alianzisha mafunzo ya samani katika chuo kilekile cha 1754, mwaka 1924, akawapa wanafunzi kazi ya kupima samani za zamani sentimita kwa sentimita: kimo cha kikalio, mteremko wa egemeo, unene wa mguu. Baadaye dunia ilipoanza kusifia samani za Denmark kama kitu kipya kabisa, vipimo vingi vilikuwa vimetoka kwenye upimaji huo.